Sura ya Tisa: Pembe za Meza

Daktari wa maiti alikuwa na mazoea ya kunawa mikono kabla ya kusalimia mtu, hivyo salamu yake ilikuja akiwa bado anajifuta kwa taulo.

"Umechelewa, Inspekta."

"Nimewahi. Aliyechelewa ni wewe. Tangu mwezi uliopita nasubiri ubongo mmoja."

"Ubongo mbichi ni laini mno. Ukiupitisha kisu unapondeka, na unachotafuta kinapondeka pamoja nao. Lazima ulale kwenye dawa mpaka ukaze." Alitupa taulo kwenye ndoo. "Vaa glavu, uje huku. Na yule bwana wako wa mlangoni aingie, hapa hakuna anayeuma."

Koplo hakuingia. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango, kofia mkononi, macho kwenye dari. "Mimi nasikia vizuri nikiwa hapa, daktari," alisema.

Kwenye trei ya chuma vipande vya ubongo vilikuwa vimepangwa kwa mfuatano kama slesi za mkate, kila kimoja na namba yake. Mwenyewe alikuwa msichana wa miaka tisa. Alikutwa asubuhi kitandani, amelala kifudifudi, uso umezama kwenye mto, amekwisha kupoa. Chumba kile alilala na shangazi yake, dada wa baba. Mama wa mtoto aliwaambia polisi mambo mawili tu: mtoto alikuwa mzima kabisa, na wifi yake hakuwahi kumpenda. Shangazi hakuwaambia kitu. Tangu siku hiyo yuko mahabusu.

"Bonyeza hapa," daktari alisema.

Inspekta alibonyeza. Palikuwa laini na kidole kilididimia kidogo.

"Sasa hapa."

Pale kidole kilikutana na kitu kigumu, kama gegedu la sikio.

"Na hapa. Na hapa tena. Unaona rangi yenyewe imepauka?"

"Ni uvimbe?"

"Si ule wa kukua na kusambaa. Hivi ni vinundu. Ni sehemu ambazo hazikujengwa sawasawa tangu akiwa tumboni. Tishu yenye afya hupangwa kwa tabaka, kama ukuta. Hapa ni kama fundi alimwaga matofali akaenda zake. Nimeziangalia seli zenyewe kwa hadubini: zimevimba, zimekuwa majitu, kazi yake hazijui. Na zinazozizunguka zinarusha umeme ovyo."

"Umeme ukirushwa ovyo?"

"Mtu anaanguka. Anakakamaa, anatupatupa viungo, anauma ulimi. Kifafa, Inspekta. Mwenye vinundu vingi kiasi hiki, kutoanguka ndiko kungenishangaza."

"Mama yake anasema hajawahi kuugua hata mafua," Koplo alisema kutoka mlangoni.

"Mama yake hajamwona ndani ya kichwa. Mimi nimemwona." Daktari alifunika trei kwa kitambaa. "Halafu wewe bwana, ndiye uliyeandika kwamba mtoto aliunguzwa?"

Koplo alishusha macho kutoka kwenye dari. "Ana mabaka meupe. Mgongoni na pajani. Niliyaona kwa macho yangu."

"Uliyaona, ila hukuyagusa. Kovu la moto huivuta ngozi, ikakunjamana. Ile ni laini kama ngozi nyingine yoyote, imekosa rangi tu, kwa umbo la jani. Amezaliwa nayo. Ni ugonjwa uleule uliomwekea vinundu. Kwa mganga anayeujua, yale mabaka yangemwambia habari yote mtoto akiwa bado ananyonya."

Inspekta alivua glavu. Alikuwa ameyapanga maswali yake kwa mfuatano, na moja likafutika: kuunguzwa. Lililobaki ndilo zito.

"Alikufaje?"

"Ulimi umeumwa pembeni. Mapafu ni mazito, yamejaa maji. Hayo utayakuta kwa aliyekufa usingizini kwa kifafa."

"Na kwa aliyezibwa pumzi kwa mto?"

"Utayakuta vilevile."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mto hauachi saini. Naweza kuapa kwamba ubongo huu ulikuwa wa mtu wa kuanguka. Kwamba alianguka usiku ule, au usiku wowote, siwezi. Niletee mtu aliyemwona akianguka. Bila hivyo wakili yeyote ataniuliza: daktari, huyo mgonjwa wako wa kifafa mbona nyumba nzima haijui? Na mimi nitakaa kimya."

"Mwendesha mashtaka anataka jalada leo. Asiposikia jipya anamshtaki shangazi kwa kuua."

"Basi usikae hapa ukinusa dawa zangu."

Alipofika mlangoni Inspekta aligeuka. "Unatoka wapi, huo ugonjwa?"

"Kwenye damu ya ukoo. Pengine mtoto ndiye wa kwanza kuzaliwa nao, na wazazi wake hawana kitu. Pengine mzazi mmoja anao kidogo, na hajui. Ana vipele puani anavyoviita chunusi. Ana vinyama vimeota kandokando ya kucha. Anaishi mpaka uzee wake, haanguki hata siku moja. Ila anarithisha."

*

Shangazi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amenyoosha mgongo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye mahabusu ilikuwa imempunguza mwili bila kumpunguza kitu kingine.

"Kaa, mama," Inspekta alisema.

"Nimekaa vya kutosha."

Koplo alicheka, akajizuia. Inspekta alimwonyesha shangazi kiti, naye akaketi ukingoni kabisa.

"Alikuwa anaanguka?"

Shangazi alilaza viganja mapajani.

"Nimeuona ubongo wake. Najua alikuwa anaanguka. Nataka uniambie wewe."

"Kama unajua, unaniuliza nini?"

"Nahitaji mtu aseme. Vidole vyangu kwenye ubongo si ushahidi."

"Waulize wenye mtoto."

"Wenye mtoto wanasema umemuua."

Shangazi aliangalia ukuta. "Basi wameshajibu."

"Nipe mkono wako wa kulia."

Kwenye jalada jeraha lile lilikuwa silaha kubwa ya upande wa mashtaka: kidole cha shahada kimeumwa, alama za meno madogo ya mbele zinaonekana. Maelezo ya polisi yalikuwa mepesi. Mtoto alizibwa mdomo, akajitetea kwa meno. Jeraha sasa lilikuwa limefunga. Inspekta aliuvuta mkono kwenye mwanga wa dirisha akakigeuza kidole polepole. Chini ya kovu jipya palikuwa na jingine, la zamani, limeshakuwa jeusi. Pembeni lingine, limefifia hadi kuwa mstari. Kidole cha kati nacho kilikuwa na makovu, na gumba pia.

"Koplo. Njoo uone."

Koplo alikuja akainama. "Ameumwa."

"Mara ngapi?"

"Nyingi, afande."

"Mtu anauawa mara ngapi?"

Koplo alianza kuyahesabu makovu upya.

"Huyu alikuwa anamtia vidole mdomoni kila alipoanguka, asijikate ulimi," Inspekta alisema. "Usiku baada ya usiku. Ni kosa, mama, haishauriwi. Lakini si kosa la kufungwa. Sema neno moja tu, na jioni hii ulale nje."

Shangazi alivuta mkono wake, akaufunika kwa ule mwingine. Aliposema, hakusema alichoulizwa.

"Yule mdogo. Bado anaamkia watu?"

"Mdogo yupi?"

"Wa kunyonya. Wa kaka yangu."

"Sijui. Ndiyo unachotaka kujua?"

"Ndiyo."

"Mama," Koplo alisema, "hapa sisi ndio wenye maswali."

"Basi ulizeni," shangazi alisema, na hakufungua mdomo tena.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na baraza. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Cherehani mbili, rundo la vitambaa, magauni ya wateja yametundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Mama wa marehemu alikuwa mshonaji. Alikuwa amepaka poda nyingi usoni, na chini ya poda, kuanzia puani kwenda mashavuni, palikuwa na vipele vidogo vigumu. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa uani amepiga magoti mbele ya mashine iliyofunguliwa. Aliwaona, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

"Mnakuja kuniambia anafungwa lini?" mshonaji aliuliza.

"Tunakuja kuangalia chumba tena."

"Mara ya tatu sasa. Kitanda hakijui kusema, jamani."

Kwenye mkeka, katikati ya vipande vya vitambaa, mtoto wa miezi mitano alikuwa ameegemezwa kwenye mto. Alikuwa ndiyo kwanza ameamka. Aliwatazama wageni, au aliutazama upande wao, kisha mikono yake ikafunguka ghafla, kichwa kikaanguka mbele, akainama mpaka tumboni. Akarudi. Akainama tena.

"Shikamoo hiyo!" Koplo alisema. "Marahaba, mzee. Marahaba, baba. Huyu amefundwa."

"Ana adabu kuliko wakubwa," mshonaji alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue alitabasamu. "Kila akiamka lazima aamkie. Hata kama hakuna mtu, anaamkia cherehani."

Inspekta alikuwa amekwisha kuingia chumba cha ndani.

Mara mbili za kwanza walikuwa wakitafuta dalili za mapambano, na hawakuziona kwa sababu hazikuwepo. Sasa alitafuta dalili za kuanguka. Alianza na kitanda. Miguu yake ilikuwa imekatwa kwa msumeno, godoro liko karibu na sakafu. Chini ya shuka kulikuwa na karatasi ya nailoni. Mtoto wa miaka tisa, mwenye akili timamu, analazwa juu ya nailoni. Kisha meza ndogo ya kusomea, na kabati, na sanduku la nguo. Alipitisha kiganja kwenye pembe ya meza na hakukuta ubao. Alikuta kitambaa kilichojazwa sufi, kimeshonwa kwa umbo la pembe yenyewe, kikavishwa kama kofia. Pembe zote nne. Kabati vilevile. Sanduku vilevile. Hata kizingiti cha dirisha, kwa urefu wa kichwa cha mtoto, kilikuwa kimevishwa.

Aliivua kofia moja akaipindua kuangalia mshono. Pindo lilikunjwa mara mbili, na kona imekatwa mshazari isifure. Alirudi nayo chumba cha mbele, akalishika gauni la mteja lililokuwa karibu, akalipindua pia.

"Kazi nzuri," alisema. "Mkono mmoja."

Mshonaji alitazama kile kitambaa. Mguu wake uliacha kukanyaga cherehani.

"Ni vya mdogo," alisema. "Atakapoanza kutambaa. Mtoto si atajigonga?"

"Mdogo hajajua hata kukaa bila mto. Na hivi vimefuliwa mpaka rangi imetoka. Hii ilikuwa nyekundu, tazama ndani ya pindo." Inspekta alikiweka kitambaa mapajani mwa mshonaji. "Ulivishona zamani. Ulivishonea mtu aliyekuwa anaanguka, na ulijua anaangukia wapi."

"Mwanangu alikuwa mzima."

"Ubongo wake ulikuwa na vinundu visivyohesabika kwa macho."

"Mwanangu alikuwa mzima!"

"Wifi yako ana alama za meno yake kwenye vidole vitatu. Leo jioni atashtakiwa kwa kuua. Kama alikuwa mzima, basi wifi yako alimziba pumzi, na atakaa gerezani mpaka afe. Kama alikuwa anaanguka, hakuna aliyemuua. Chagua moja, kwa sababu yote mawili hayawezi kuwa kweli."

Mshonaji alishika kile kitambaa kwa vidole vyote kumi, na Inspekta aliona kucha zake. Kandokando ya kucha nyingi palikuwa na vinyama vidogo vimeota, vya rangi ya ngozi, vimesukuma kucha upande.

"Hizo kucha?"

"Sindano," mshonaji alisema bila kuangalia. "Sindano inachoma, panaota. Kila fundi anazo."

"Kila fundi?"

Aliyejibu lile swali la kuanguka alikuwa mume. Alikuwa amesimama mlangoni mwa uani, spana mkononi.

"Alikuwa anaanguka," alisema. "Tangu hajatimiza mwaka. Shule ya kwanza walimrudisha, wakasema anatisha wenzake. Tukahama. Hapa tukasema hatutamwambia mtu. Nikamwita dada alale naye, kwa sababu ilikuwa inamjia usiku." Alifuta grisi kwenye suruali. "Mimi ndiye niliyemwambia dada asiseme. Popote, kwa yeyote. Alikubali. Sikujua kwamba atakwenda nayo mpaka mahabusu."

"Ulijua siku ya pili," Inspekta alisema. "Na ya tatu."

Mume aliitazama spana.

"Wewe," Inspekta alimgeukia mshonaji. "Ulijua hakumuua."

"Nilijua nini mimi? Nilikuwepo?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Alilala naye, akaamka peke yake. Miaka yote anamshika, usiku ule hakumshika. Amelala! Mtu analala vipi?"

"Kama watu wote."

"Nyie mlikuja, mkasema ameuawa. Nyie ndio mlisema, si mimi. Na mimi nikaona, afadhali. Akiwa ameuawa, kuna mtu. Nitamwangalia huyo mtu. Akiwa amekufa tu, nimwangalie nani?"

Koplo alijikohoza akatazama magauni. Inspekta alitoa karatasi na kalamu. Mshonaji alisimulia kila kitu kwa mpangilio, bila kulia, jinsi mtu anavyompa mteja vipimo: kulianzaje, dalili gani, usiku gani ilizidi, dawa gani walipewa dukani na haikufaa kitu. Akatia saini. Mumewe akatia ya kwake chini.

"Sasa mnamtoa?" mume aliuliza.

"Leo hii."

"Atarudi hapa?"

"Muulize mwenyewe," Inspekta alisema.

Mshonaji alikuwa amemwinua mtoto kutoka kwenye mkeka. "Angalau huyu mzima," alisema, zaidi kwa kichwa cha mtoto kuliko kwa wageni. "Haanguki. Tunamwangalia usiku na mchana, haanguki hata kidogo. Zamani kidogo alikuwa mtundu, anashika sindano zangu, anacheka na kila mtu. Siku hizi ametulia. Wala hasumbui."

*

Garini Koplo aliwasha injini. Inspekta alimpigia mwendesha mashtaka, akamsomea maelezo. Upande wa pili mtu alipumua kwa nguvu, akasema jalada lifungwe. Kisha alimpigia daktari wa maiti, simu ikiwa kwenye spika.

"Nimempata shahidi. Wawili. Wazazi wenyewe."

"Vizuri. Nitaandika kifafa usingizini. Shangazi amepona."

"Mama ana vinyama kwenye kucha. Na vipele, kama ulivyosema."

"Basi ni yeye aliyempa. Ana watoto wengine?"

"Mmoja. Miezi mitano. Huyo mzima, wameniambia haanguki."

"Kwa umri huo hawaanguki. Kwa wachanga haiji hivyo." Sauti yake ilikuwa ileile ya kueleza trei. "Wana namna yao. Mikono inafunguka ghafla, kichwa kinaanguka mbele, mwili unajikunja. Sekunde moja, basi. Kisha tena. Tena na tena, mfululizo, hasa akitoka usingizini. Na taratibu anaanza kusahau aliyoyajua. Hacheki, hashiki vitu. Watu huona ametulia. Hujaona kitu kama hicho?"

Koplo alikuwa ameweka gia. Inspekta alimshika mkono.

"Inspekta? Upo?"

"Nipo. Kuna dawa?"

"Ya kutuliza mikunjo hiyo ipo. Ikiwahi, inasaidia kidogo. Mmeshachelewa kiasi gani?"

"Shangazi alikuwa anaiona kabla hajakamatwa."

"Basi mmechelewa. Wamlete hata hivyo, leo. Watakuuliza kama atapona."

"Niwaambie nini?"

"Vinundu vimo ndani tangu tumboni. Hakuna mkono unaoingia kuvitoa. Waambie hivyo, au usiwaambie, havitabadilika."

Inspekta alikata simu. Koplo alimtazama.

"Zima gari," alisema.

"Tumesahau kitu, afande?"

"Yule mama mahabusu aliniuliza swali moja tu, na sikumjibu."

Koplo alizima gari. Alikaa akishika usukani, na usoni mwake palikuja kitu polepole, kuanzia machoni. "Niliitikia," alisema. "Mimi niliitikia marahaba."

Inspekta alishuka. Alipita getini, akapita chini ya dirisha la chumba cha kazi ambalo lilikuwa wazi. Cherehani ilikuwa imeanza tena, polepole, mshono mmoja mmoja. Fundi wa friji alikuwa ameacha mashine yake akaingia ndani kwa mwanawe. Alisikika akicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye amekaa siku nyingi bila kucheka.

"Marahaba," alisema. "Haya, marahaba, baba. Marahaba."

Inspekta aliinua mkono kubisha hodi, akasubiri amalize.

"Marahaba. Marahaba. Eh, basi, nimeitikia. Marahaba."

Hakumaliza.